Namba ya Papa

Wiki iliyopita, sokoni, nilisikia tena ile sauti: ti-ti-ti, kisha mlio mmoja mrefu wa kushindwa. Mwuza simu alikuwa ameshika kijigemu cha plastiki ya manjano, cha vile vitofali vinavyoshuka kwenye kioo cha kijivu, akikijaribu mbele ya wateja. "Mama, hii iko ya zamani, watu wanatafuta sana," aliniambia. "Kuko papa moja anakusanyaka. Hata yenye ilikufa, ananunua tu."

Nilicheka peke yangu. Sisi watoto wa mtaa wa Kabondo tulikuwa wakusanyaji kabla ya huyo mzee wake. Tulijua nani ana cheusi, nani ana cha bluu, na yule msichana wa nyumba ya kona mwenye kile cha plastiki angavu kinachoonyesha matumbo yake tulimheshimu kuliko mwalimu. Vilivyoharibika havikutupwa. Tulivipanga dirishani tukavitazama.

Cha nyumbani kwetu kilikuwa cha papa, baba yangu. Aliendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, na alikinunua ili asisinzie akingoja wateja. Alicheza ulimi ukiwa nje, mabega juu, akipinda mwili mzima ili kitofali kigeuke. Siku alipovunja rekodi yake alipiga kengele ya baiskeli tangu kona ya avenyu mpaka mlangoni, mama akatoka mbio akidhani kuna harusi. Namba ile ilibaki juu ya kioo. Ukizima, ukiwasha, unaikuta.

Kisha papa akashikwa na homa, na homa haikumpa nafasi. Baada ya matanga jamaa walirudi makwao, baiskeli ikachukuliwa na tonton, ndugu yake papa, na mimi nikaachiwa kijigemu, labda kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Sikukicheza. Niliogopa kuipita namba ya papa, ingawa kwa vidole vyangu vizito vile hofu hiyo ilikuwa majivuno matupu. Kila jioni nilikiwasha tu, nikaitazama, nikazima.

Koko, mama yake papa, alikuwa amehamia kwetu. Alikuja kukaa kando yangu kwenye mkeka, akinuka moshi na mafuta ya mawese. Hakujua kusoma, hivyo nilimwonyesha kwa kidole: "Koko, hii hapa iko ya papa." Akainama, akatazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa taratibu kama anayesalimiwa. Tangu hapo hakukosa jioni hata moja.

Lakini betri zilikuwa zinachoka. Namba ikaanza kufifia, ikabidi tuinamishe kijigemu huku na huku ili tuione. Nilijua jambo moja ambalo kila mtoto wa Kabondo alilijua: ukitoa betri, rekodi inafutika. Nikiziacha, zitakufa. Nikizibadilisha, papa anaondoka papo hapo. Nililia kwa hasira, maana hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilimwambia koko kwamba betri zinakufa. Lile la kufutika sikulisema.

Nyote mliokulia kwetu mnajua betri iliyochoka hufanywa nini. Koko aliifanyia redio yake ya nyimbo za kanisani miaka yote. Kesho yake nilipotoka shule nikazikuta betri juu ya bati la jikoni, zimelala juani kama dagaa, na kijigemu mkekani, tumbo wazi.

"Usilie tena, mama," koko alisema. "Haikufa. Ilichoka tu. Jua itaiamusha."

Akazirudisha mwenyewe, akaniomba niwashe. Kioo kikang'aa. Pale juu, palipokuwa na namba, palikuwa na sifuri tupu, nyeusi, safi, zimejipanga.

Koko akapiga makofi. Sikuwa nimeona meno yake tangu mazishi. "Ona papa yako! Sasa iko naonekana muzuri!"

Nikasema, "Ndiyo, koko. Merci." Na kila jioni, mpaka betri zilipokufa kabisa, tuliketi mkekani tukizitazama zile sifuri, yeye akitabasamu, mimi nikijibana nisilie. Namba yenyewe leo siikumbuki. Ilianza na saba. Nimejaribu mara nyingi kupata tarakimu zilizofuata, na siwezi.

Miaka yote ya utoto niliamini kwamba koko alikuja mkekani kunibembeleza mimi niliyefiwa na baba. Nilikuwa nimeshazaa, na mwanangu anaumwa homa mikononi mwangu, ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kwa ajili yangu. Alikuwa anakuja kumwona mtoto wake.