Sahihi Yangu Mlangoni

Mimi ni mwalimu wa Uraia, na tangu uchaguzi uliopita nimeiruka mada ya demokrasia mara mbili. Wanafunzi wanadhani nimesahau. Sijasahau, naona aibu.

Siku ile nilikuwa msaidizi wa msimamizi wa kituo cha kura, ndani ya darasa langu mwenyewe. Mama wa rafiki yangu aliwahi kuliko wote, amevaa sare yake ya kwaya. Nilimpa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kwetu Wakurya, mliotahiriwa asubuhi moja ni ndugu, na mama wa mmoja ni mama wa wote. Mwanawe na mimi tulitahiriwa asubuhi moja. Baadaye tulikwenda pamoja kambini kwa mafunzo ya kijeshi, nikarudi peke yangu.

Alininong'oneza kwamba kura yake anampa mgombea aliyeahidi kufukua habari za kifo cha mwanawe. Nikamwelekeza kwenye sanduku.

Jioni, hata sanduku halijafunguliwa, msimamizi alituletea fomu ya matokeo iliyokwisha kujazwa. "Tusichelewe," alisema. Nikatia sahihi. Sitajitetea kwamba nilitishwa, maana hakuna aliyenitisha. Mkono ulishaizoea kazi hiyo.

Kesho yake fomu ilikuwa imebandikwa mlangoni, na mgombea wa mama alikuwa na sifuri. Si kura chache, sifuri. Aliyejaza hakujisumbua hata kudanganya vizuri.

Mama alikuja mlangoni, akaisoma fomu hadi chini. Kisha akafungua Biblia yake, akatoa karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Niliijua. Ni maelezo ya kambini yanayosema kwamba kuruta aliingia bwawani kuogelea bila ruhusa, akafa maji. Chini yake kuna sahihi za mashahidi, na mimi nimo. Kwa karatasi hiyo mwanawe alizikwa kama mtu aliyejitakia, bila hata askari mmoja wa kumpigia saluti. Na ni yeye aliyeacha mashimo ya dhahabu ya Nyamongo kwa sababu mama yake aliogopa yatamfukia.

Aliilaza karatasi kando ya fomu. Kidole chake, bado kina wino wa kura, kikahama toka sahihi hadi sahihi.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Na hii?"

"Ni yangu."

"Mimi nilipiga kura, mwalimu. Ninajua nilipiga. Sasa kama hapa umeandika sikupiga, huku uliandika nini?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Lile neno mwalimu, kutoka kinywani mwake, liliniuma siku nzima.

Hakwenda polisi wala mahakamani. Huko karatasi inajibiwa kwa karatasi. Alikwenda kwa wazee, nao wameitisha ritongo, mkutano wa ukoo, Jumamosi hii. Pale hakuna fomu. Mtu anasimama mbele ya watu wanaomjua tangu akiwa tumboni, anakula kiapo, na akidanganya, kiapo kinawaandama watoto wake. Nimesoma hadi chuo, lakini hicho nakiogopa.

Juzi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya upole ikanishauri niwe mgonjwa Jumamosi. Tangu hapo kuna pikipiki inayopita mbele ya nyumba yangu, inapunguza mwendo, kisha inaondoka. Mke wangu amewapeleka watoto kwao Tarime.

Nitakwenda. Kwamba maelezo yale ni ya uongo, mama ameshajua. Asilolijua ni hili. Tulipangwa ukingoni tuvuke bwawa na mizigo mgongoni. Mwanawe akasema hajui kuogelea. Mkufunzi hakumgusa. Alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyekuwa nyuma yake, akasema, "Msukume."

Nikamsukuma.