Lokole ya Papa

Papa alikuwa mtu wa Yanonge, kijiji cha mtoni, na tulipohamia mjini, mtaa wa Tshopo, alikuja na lokole yake, lile gogo lenye tumbo tupu ambalo watu wa mtoni hupiga kupeleka habari za kifo au za mgeni. Ilikaa kwenye kibaraza chetu cha mbao. Mdogo wangu alikuwa amefika umri wa kusema, na hakuwa ametamka neno hata moja. Lakini kila lokole ilipopigwa alikuja mbio, akalaza viganja juu yake na kucheka.

"Munaona? Anasikia," Papa alisema. "Iko tu muvivu wa kusema."

"Kama papa yake," Mama alijibu. "Anasikia yenye anapenda."

Lakini hakucheka. Alikuwa amemwita mtoto kutoka nyuma, pale jikoni, mpaka akachoka.

Ndiye aliyemleta muuguzi aliyepita nyumba kwa nyumba kupima masikio ya watoto wadogo. Muuguzi alimtazama mtoto kwenye lokole, kisha akatazama zile mbao.

"Anasikia kwa miguu," alisema. "Mama, umubebe. Muende kule kwenye mihogo, mutupe mugongo."

Papa akapiga. Mdogo wangu, mikononi mwa Mama, aliendelea kuchezea hereni yake. Papa akapiga kwa nguvu zaidi, jasho likimtiririka, hata majirani wakatoka nje.

"Citoyen! Nani amekufa?" jirani mmoja alimwuliza Papa.

Papa akashusha vijiti.

"Hakuna mutu," muuguzi aliwaambia. Kisha akamgeukia. "Papa, tuanze sasa kusema naye kwa mikono, nyumba nzima. Tukingojea aanze masomo, atakomaa bila luga yoyote."

"Mikono? Watu watamuchekelea."

"Na ninyi, bila mikono, mutamuambia nini?"

Mama aliporudi, mtoto aliteleza chini, akakimbilia lokole, akalaza viganja na kungoja. Papa alipiga pigo moja, taratibu. Mtoto akacheka. Papa akageuza uso.

"Bon. Muanze. Lakini hii musimukataze."

Tulianza juma lile: maji, kula, njoo. Papa alihudhuria kila somo, mikono yake ameibana katikati ya magoti. Siku mdogo wangu alipojifunza kumwita Papa kwa ishara, alimwita, akamwita tena. Mama nami tuliitazama ile mikono ya Papa.

Papa alisimama, akaenda kuchukua vijiti vya lokole.