Maiki ya kuazima na shikamoo ya mwalimu

Leo nimejua kwa nini watu wa studio tunazeeka mapema.

Nilikuwa nalinganisha maiki yangu ya zamani na mpya ya kuazima. Hiyo mpya jioni inarudi kwa mwenyewe huko Mlimba, kwa hiyo ni leo au basi.

Studio yangu imepakana na mashine ya kukoboa mpunga. Nikambembeleza jamaa wa mashine aizime. Kidogo tu, kaka!

Mama Anjela wa kwaya akaimba kwenye ya zamani. Safi. Tukahamia mpya. Nikamwonya: hata kukohoa marufuku.

Ubeti unakaribia kuisha, mlango ukafunguka taratibu. Mwalimu wa kwaya, mzee wetu. Kavua na viatu asitusumbue!

Mama Anjela akakata wimbo.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba mama. Mpunga huko Malinyi unaendeleaje?"

Wakaulizana mpaka habari za mbuzi. Huko nje mashine ikawaka: ngrrrr.

Nikafoka. "Mama, salamu si ingesubiri?"

"Nimwangalie tu mzee kama sijamwona?"

Nikarudisha rekodi nimwonyeshe alivyoharibu.

Maiki mpya inanasa kila kitu, nakiri. Mama bado anaimba vizuri kabisa, na nyuma yake kuna kijana anasema shikamoo, wa kwanza kuliko wote.

Ni mimi.

Haya, chekeni.