Udongo Nilioutoa Bondeni

Iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, masikio yanapata moto, ingawa waliokuwapo walishanisamehe. Siku hiyo bibi mmoja asiyejua kusoma alisoma uongo wangu kwa vidole vyake. Naandika polepole, maana niliishia darasa la saba na jembe limeuzoea mkono wangu kuliko kalamu. Nivumilie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, hapa hapa kijijini kwetu, kwenye vilima vya barabara itokayo Kasulu kwenda Kibondo. Nilikuwa na aibu ya kupita kiasi. Unajua sisi Waha salamu yetu haiishi kwa neno moja. Unasema mwakeye, unapiga makofi taratibu huku umeinama, unauliza habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe na za mvua, naye mwenzako anakuuliza hayo hayo. Mimi nikimwona mzee anakuja mbele yangu, nilikuwa nakata katikati ya mashamba ya watu ili nisikutane na salamu hiyo.

Msimu huo tulipata wageni wawili kutoka chuo kikuu, wakapanga nyumba moja karibu na ofisi ya kijiji. Wa kwanza, Dokta Mhando, mtu wa Tanga, alikuwa mtafiti wa udongo. Wa pili, Dada Perusi, alikuwa mtafiti wa lugha. Alikusanya maneno ambayo wakulima wa Kiha wanayatumia kutaja udongo, mbegu na mvua, kabla wenye maneno hayo hawajaondoka nayo.

Vijana wa kijiweni walimcheka sana.

"Huyo wa udongo tunamwelewa," alisema rafiki yangu Festo, aliyekuwa na bodaboda. "Huyu mwingine anaokota maneno. Sasa maneno unayapika na nini?"

Nami nilicheka pamoja nao. Dokta Mhando alikuwa amenichukua nimsaidie kazi, kwa hiyo nilijiona niko upande wa elimu ya kweli, yenye mifuko na maabara. Alinichagua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, anapenda mtu asiye na maneno mengi. Wala hakujua kwamba kazi ile ilihitaji maneno mengi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu kilimani kulikuwa na mashamba kumi na mawili ambayo maharage yake yaligeuka manjano kabla ya kuchanua. Shamba la Bibi Ansila ndilo lililokuwa na hali mbaya kuliko yote. Bibi huyu alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa, akapata uraia hapa, na mumewe alipofariki akabaki na shamba hilo tu. Misimu mitatu alikuwa ameambulia mbegu basi. Dokta alitaka udongo wa kila shamba upelekwe maabara. Shamba ambalo udongo wake ungeonekana umezidi uchachu lingeingizwa katika majaribio ya chokaa ya kilimo, inayopunguza uchachu, na ambalo ungeonekana mzima lingeachwa. Kwa hiyo, mwanangu, katika mfuko mmoja mdogo wa udongo kulikuwa na chakula cha mwaka mzima cha bibi yule.

Dokta alinionyesha namna ya kuchimba. Unatembea shambani kwa kupindapinda, unachimba sehemu kadhaa kwa kina cha jembe, unachanganya, unajaza mfuko, unaandika jina la mwenye shamba. Akaniambia nisichimbe pa mtu bila ruhusa yake.

Nilianza kwa Mzee Bosko. Nilimkuta anachonga mpini. Nilisalimia nusu salamu, nikasema nimekuja kuchukua udongo.

"Udongo wangu unakwenda wapi?" aliuliza.

Nikaanza kukung'uta mifuko yangu mitupu.

"Na ukirudi, utarudi peke yake, au na kitu kingine?"

Huku kwetu mtu akichota udongo wa shamba lako bila maelezo, unaweza kuamini amechota na baraka yake. Mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu nilikuwa nalo, Dokta alikuwa amenieleza vizuri, lakini ulimi ulikataa kutoka. Nikasema, "Nitarudi, mzee." Sikurudi. Nilifikiria nyumba nyingine kumi na moja, makofi na maswali.

Nikaburuta baiskeli hadi bondeni, kwenye shamba letu lililo kando ya kijito, ambako hapana wa kunisalimia. Nilijaza mifuko yote kumi na miwili kutoka huko. Nilibadilisha pembe za shamba ili nijidanganye kwamba nimefanya kazi, nikaandika majina ya watu kwa mwandiko mzuri. Njiani nilijiambia, udongo ni udongo tu, nani atajua? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata siku mbili.

Kesho yake asubuhi Dokta aliufungua udongo uanikwe juu ya magunia kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Dada Perusi akaona nafasi yake. Akaomba Bibi Ansila aitwe, aupitie udongo ule na kumtajia jina la kila aina kwa Kiha. Dokta alikubali kwa adabu tu. Niliona anatazama saa.

Bibi alifika, akasalimia mpaka mwisho wa salamu, akakaa chini. Alichukua udongo wa kwanza, akaulowesha kwa maji kidogo, akauviringisha kiganjani, akataja jina. Dada Perusi akaandika. Wa pili, jina lile lile. Wa tatu, lile lile. Kufika wa tano, kalamu ya Dada Perusi ikasimama.

"Bibi, yote hii ni aina moja?"

"Mimi natamka ninachokishika," alijibu. "Humo wangu ni upi?"

Dada Perusi akamsomea jina, akamsogezea. Bibi alitia mkono, akauviringisha mara mbili.

"Huu sijawahi kuulima," alisema.

"Labda ni kwa sababu ya mvua, bibi," alisema Dokta. "Ukilowa unabadilika."

"Baba, huko juu nimelima tangu kabla mama yako hajakupeleka shule. Udongo wangu ni mwekundu, ukiukanda unachanika. Huu unaviringika kama ugali wa muhogo." Kisha akachambua kitu kwa kucha na kukiweka mbele ya Dokta. Kilikuwa gamba la konokono wa majini, dogo kama punje ya mtama. "Na huyu naye alipanda mlima lini? Maana mimi nikiupanda napumzika mara tatu."

Mtendaji wa kijiji alicheka, halafu akaona wenzake hawacheki. Dokta alinigeukia. Nami, mwanangu, kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kunyamaza kunaweza kuumiza kuliko kusema.

"Nimeutoa bondeni," nilisema. "Wote. Majina niliyaandika tu."

Dokta alianza kuukusanya udongo kwa hasira iliyotulia, ile mbaya zaidi. Alisema sina kazi tena kwake. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaongea kama mtu anayejisemea.

"Maabara isingegundua. Mashine ingepima vizuri kabisa, ikatoa namba sahihi za shamba lisilo lenyewe. Nami ningemwandikia bibi huyu kwamba udongo wake ni mzima, tatizo ni yeye."

"Mimi nami nina jina tu la udongo," alisema Dada Perusi. "Sijui unakosa nini. Hilo unalijua wewe."

Bibi Ansila aliniita nikae karibu yake.

"Zabroni, mjukuu wangu, uliogopa nini?"

"Kuongea na watu, bibi."

"Ala. Basi aibu yako ilitaka kula maharage yangu." Aliniangalia bila ukali. "Mficha uchi hazai. Kesho tutakwenda wote nyumba kwa nyumba. Wewe utaongea, mimi nitakohoa."

Akamwomba Dokta anipe siku moja tu. Dokta alikubali, akisema anafanya hivyo kwa heshima ya bibi na si kwa ajili yangu.

Tulianza tena kwa Mzee Bosko. Nilipiga makofi, nikasalimia mpaka salamu ikaisha, nikakaa. Nilimweleza udongo unakwenda wapi, unapimwa nini, na kwamba haurudi. Nilipokwama, bibi alikohoa, nikaendelea. Mzee alisikiliza yote, kisha akasema, "Sasa umekuja mtu." Akatupeleka mwenyewe shambani, akatuonyesha upande mmoja uliokuwa zizi la ng'ombe wa baba yake. Akasema pale mahindi huwa meusi kwa nguvu, tusichanganye na kwingine. Dada Perusi, aliyekuwa amefuatana nasi, aliandika habari za zizi lile na za baba yake mzee. Dokta alipoelezwa, aliagiza mifuko miwili badala ya mmoja. Hivyo historia ya ng'ombe waliokufa zamani ikawa sehemu ya sayansi yake.

Si wote waliokubali. Mama mmoja alikataa kabisa, hata bibi alipokohoa mpaka akachoka. Nilirudisha mfuko wake mtupu. Dokta aliupokea, akaandika kwenye daftari kwamba mwenye shamba hakuridhia. "Huu nao ni ukweli," aliniambia. Sijasahau.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya miezi kadhaa. Shamba la Bibi Ansila lilikuwa chachu kuliko yote, likaingizwa kwenye majaribio. Msimu uliofuata maharage yake hayakuwa mengi ya kushangaza, lakini yalichanua yakiwa kijani, akavuna ya kula na ya mbegu. Alinitumia bakuli moja. Nilikula kwa shida.

Leo wanaotafiti wamejaa huku kwetu. Mmoja anapima mbu kambini Nyarugusu, mwingine anarekodi nyimbo za wakimbizi Nduta, mwingine anauliza watoto wanajifunzaje, mwingine anahesabu miti iliyobaki. Nawasikia vijana wakigombana elimu ipi ni elimu na ipi ni porojo. Tena nasikia wapo wanaopewa hojaji, wakakaa kibandani na kujijazia majibu, kama mimi kule bondeni.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usidharau swali la mwenzako kwa kuwa si swali lako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Anayepima, anayesikiliza, anayekumbuka na anayelima, kila mmoja anaona upande ambao mwingine hauoni, na kosa la mmoja mara nyingi huonwa na yule aliyedharauliwa. Ukitumwa kutafuta jambo, fika mahali penyewe. Ukishindwa, sema umeshindwa. Ukinyimwa, andika umenyimwa. Na kama una aibu kama yangu, usiifukuze kwa matusi. Ishike mkono, uende nayo mpaka mlangoni pa mtu, usalimie. Nyuma ya kila jina unaloliandika yupo mtu anayesubiri kula.

Mungu akujalie subira ya kuuliza na masikio ya kupokea jibu usilolipenda. Akupe walimu wenye vyeti na walimu wasio na vyeti. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akuletee mapema mtu wa kukuambia, akiwa bado anakupenda.