Bwana Sikuruhusu kwenye hotuba

Acheni nijicheke kwanza, ninyi mtafuata. Ninachapa nyaraka kwenye shule moja ya binafsi hapa Singida Mjini. Nikimwomba mkuu wa shule nitoke nikamnyonyeshe mwanangu, jibu ni lilelile: "Sikuruhusu."

Juzi alitaka hotuba ya kikao cha wazazi. Programu ninayopangia maandishi ina amri: naandika \mkuu, yenyewe inaweka jina lake na vyeo vyake vyote. Kwa kimbelembele changu nikasasisha vifurushi vya programu, vile vipande vinavyoiongezea uwezo, asubuhi ileile, amri ikagoma. Nikaiandika upya. Kwa kuijaribu tu, huku maziwa yananilowesha blauzi, nikaiwekea jina nililompa kwa hasira mahali pa jina lake. Ikakubali. Nikafurahi kama mjinga, nikachapisha, nikampelekea bila kurudisha jina lake.

Kikao kilipoanza, nami nimesimama pembeni ya ukumbi, akasimama mbele ya wazazi, miwani puani, akasoma kwa madaha: "Wazazi wapendwa, mimi, Bwana Sikuruhusu..."

"Bwana nani?" akauliza bibi mmoja wa mbele. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mkuu akanigeukia. "Mama Neema, nenda nyumbani sasa hivi."

Na mimi, mdomo huu, nikamuuliza mbele ya watu wote: "Kwa hiyo mkuu, umeniruhusu?"