Chumba Kilichofichwa Ndani ya Ordinatere ya Bibi Yangu

Mimi ndiye mwenye makosa. Kanisani nilisema ordinatere, ile kompyuta ya bibi yangu, iliharibiwa na virusi, majirani nikawaambia ni umeme mubaya. Uongo! Ni mimi, na wivu wangu.

Natengeneza velo, baisikeli, hapa Kasongo, karibu na soko. Masomo yangu yalikatikia njiani. Bibi yangu, yaani muke wangu, Mama Neema, ni mwalimu wa primere, shule ya musingi, na alikuwa anamaliza masomo ya kilimo. Kulibaki TFC tu, kile kitabu cha mwisho ambacho mwanafunzi anaandika na kukitetea mbele ya walimu. Aliandika juu ya ugonjwa wa muhogo. Misimu miwili alipanda pikipiki mpaka Kabambare na Lusangi, anaingia mashambani, anapiga picha za majani, anauliza wamama walipanda lini na walivuna nini. Anarudi na matope magotini, lakini anacheka.

Mimi lakini, hakuwa ananichekea vile. Hapo ndipo nilianza kuoza rohoni.

Tena kulikuwa Rama, fundi wa ordinatere. Anakuja kwetu, wanakaa kwenye baraza, vichwa viwili mbele ya kioo kimoja. Siku moja nilikuwa nasukuma velo ya mutu nyuma ya nyumba, nikasikia kwa masikio yangu haya:

"Hii sehemu nimeificha, Mama Neema. Mutu akifungua mashini hataiona."

"Hata Baba Neema?"

"Hata yeye!"

Wakacheka. Yesu wangu! Moyo ulichemka kama mawese kwenye sufuria.

Ningeuliza tu. Sikuuliza. Nikaanza kutafuta video kwenye simu, za watu wanaoonyesha namna ya kugawanya disque, ile ghala ya ordinatere inayotunza kila kitu, jinsi nyumba moja inavyokatwa vyumba.

Dimanche moja, siku ya Jumapili, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikafungua mashini. Kode ya kuingilia nilikuwa naijua, ni jina la mutoto wetu. Nikaona disque imechorwa kama sanduku refu: kipande kidogo mbele, kikubwa katikati, na mwishoni kimoja kisicho na jina. Nikakigonga. Kikakataa kufunguka.

Nikasema, ndicho hiki! Humu ndimo zilimo barua za Rama!

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Yule mutu wa video alisema wazi: kabla ya kugusa, nakili kila kitu pahali pengine, na vile vipande vilivyofichwa uviache, vinasaidia kuinua mashini siku ikianguka. Nilimusikia! Nikapitisha mbele.

Mashini ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Niliwaza, kama siwezi kusoma siri yao, basi ife. Nikafuta kile cha mwisho, nikafuta na kile kidogo cha mbele, maana sasa kila kilichojificha nilikiona adui.

Nikazima, nikawasha. Giza, na maandishi meupe tu.

Hata pale ningemwita Rama, bado kazi ingepona, kwani kipande kikubwa kilikuwa kizima. Lakini nimwite Rama, mimi? Wivu ulikataa! Nikakimbia kwa jirani, nikaazima flash yenye programu ya kuanzisha mashini upya. Ikauliza ikae wapi. Nikafuta vyote, nikafanya chumba kimoja kikubwa. Ikawaka vizuri kama mupya. Lakini tupu kabisa!

Mama Neema alirudi, akafungua. "Baba Neema, kazi yangu iko wapi?"

"Labda virusi," nikasema.

Akamwita Rama. Alipofika hakuwa na wasiwasi. "Usilie, Mama. Ndiyo maana tulificha kopi kwenye kipande cha mwisho." Akatafuta. Akatafuta tena. Halafu akaniangalia mimi.

"Virusi havibomoi kuta, Baba Neema. Ni nani amegawanya disque hii upya?"

Akahangaika nayo siku mbili, akaokota picha chache za majani, zimekatika nusu. Maandishi, hata ukurasa mumoja hapana.

Rama alipoondoka, bibi yangu akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, heri angepiga!

"Tulikuficha ile kopi kwa sababu ulifuta picha za ubatizo wa Neema ukitafuta nafasi ya filamu zako. Tuliogopa utakosea tena. Na kode nilikupa mimi mwenyewe. Mwanamke mwenye siri anampa bwana yake kode?"

Siku ya kutetea kazi ilipita, wenzake wakavaa nguo nzuri, yeye akakaa jikoni. Mashamba aliyoyapiga picha yalikwisha kung'olewa. Sasa yuko Kabambare kwa dada yake, pamoja na Neema, anaanza upya, shamba kwa shamba. Hakunifukuza, hakuvunja ndoa. Nikipiga simu ananiambia habari za mutoto, basi. Rama nilimwendea kulomba musamaha. Alinisamehe upesi, na hiyo iliniumiza kuliko matusi.

Wanaume wenzangu, na ninyi wamama, wivu haujui kusoma! Unaona neno "imefichwa" na kumalizia mwenyewe. Musiguse disque ya mutu kwa hasira, na musifute musichokielewa. Zaidi ya yote, ulizeni. Ulizeni kwa mudomo, mukiogopa hivyo hivyo! Mimi sikuuliza, na leo nakaa katika nyumba ambamo hakuna mutu wa kumuuliza.