Sweta Lililofika Kwapani

Kila siku ya soko hapa Mbeya, muuza mashine za kufuma husimama palepale, akisukuma mkono wa mashine huku na huku kwa vidole laini. "Huhitaji kujua chochote, mama! Inafuma yenyewe!" Sauti hiyo imenichosha. Sweta lake huwa tayari limefika kwapani. Leo jirani yangu Tusajigwe, anayetaka kuwafumia wanafunzi sweta kabla ya baridi ya Juni, akamwomba: "Baba, litoe hilo, uanze upya nione." Muuzaji akacheka, akakohoa, akashika uzi, akauachia. "Mwanzo ni rahisi mno, mama, nisikupotezee muda." Nikamvuta Tusajigwe tuondoke. Akautoa mkono wangu taratibu. "Dada, ng'ombe nimeshamuuza. Nitarudi nyumbani na nini?" Akaanza kufungua fundo la kanga lenye pesa.